Mwalimu Persis na Sentensi Nzima

Mgeni alisema sentensi yake ya kwanza kwa Kiingereza, akafunga mdomo, akangoja. Hakuna aliyeifasiri. Akadhani labda hakusikika, akairudia kwa sauti ya juu zaidi, uso wake akiuelekeza upande wa kushoto wa mimbari, mahali alipoambiwa mfasiri angesimama. Pale palikuwa na sakafu tupu. Mtoto mmoja alikohoa. Mchungaji aliinuka nusu kitini, akatazama benchi la tatu upande wa wanawake, na kanisa zima likageuka kutazama alikotazama.

Persis Nyanchera alikuwa ameketi pale, mikono juu ya kitabu cha nyimbo kilichofungwa, macho dirishani. Hakutikisa kichwa kukataa. Hakufanya lolote. Mwishowe karani wa kituo cha majani ya chai alisimama, akafasiri kadiri alivyoweza, akiruka maneno yaliyomshinda, na mahubiri yakafika mwisho yakichechemea.

Hiyo ilikuwa Sabato moja ya Agosti 1968. Kwa miaka kumi na moja kabla ya hapo, hakuna aliyehubiri kwa Kiingereza katika kanisa lile, lililo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Nyamache, bila Persis kusimama kando yake na kugeuza kila sentensi kuwa Ekegusii safi kabla mwenye kuisema hajavuta pumzi. Wazee walikuwa wamezoea kulisikia neno la Mungu kwa sauti yake. Tangu siku hiyo hawakuisikia tena pale mbele, na walijua sababu, na hakuna aliyemwuliza.

Kiingereza chake alikipata jikoni. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alipelekwa kulea watoto katika nyumba ya mmisionari mmoja, mbali na kwao. Mama wa nyumba ile hakuwa mkali. Hakupiga wala kufoka. Ila mtu akimwomba chumvi kwa maneno yasiyonyooka, aliweka uma wake chini akatazama ukuta. Alitazama ukuta mpaka maneno yanyooke. Siku nyingine chakula kilipoa, watoto wakalia, na yule mama akawa bado anatazama ukuta, kwa upole, kama mtu anayengoja mvua ipite. Persis alijifunza kwamba mtu asiyesema sawasawa hajasema kitu. Aliondoka katika nyumba ile na miaka kumi na minane, na sikio ambalo halikumpa raha maisha yake yote.

Aliolewa na mwalimu, mwalimu akafa mwaka wa nne, hawakuwa wamepata mtoto. Shemeji zake walitaka arithiwe na mmoja wao, kama ilivyokuwa desturi. Alikataa kwa sababu ya imani yake, na baada ya kukataa hakuwa na pa kukaa. Mwaka 1957 alirudi kwa kaka yake, Momanyi, aliyemjengea kibanda kando ya migomba. Kwetu mwanamke anayerudi kwao hapewi shamba. Anapewa mahali pa kulala na jirani wa kumvumilia. Jirani huyo alikuwa mke wa Momanyi, Bitutu, mwanamke mrefu, mwepesi wa mikono, asiyejua kusoma.

Persis akawa mwalimu wa shule ya misheni iliyopakana na kanisa, daraja la P3, karibu na chini kabisa ya ngazi.

Kosa la Kiingereza lilimwingia masikioni kama changarawe inavyoingia jinoni mtu akila ugali. Uso wake ulikunjamana kabla hajajua umekunjamana. Alisahihisha matangazo ya chifu kwa penseli nyekundu, yakiwa bado yametundikwa. Alisahihisha kadi za harusi, akazirudisha kwa maharusi. Alimsahihisha karani wa chai, kijana wa watu, mbele ya wanawake waliokuwa kwenye foleni na vikapu vyao mgongoni. Kosa lililomuudhi kuliko yote lilikuwa la watu wa kwetu karibu wote: mtu aliyefika tangu asubuhi kusema "I am here since morning," kama vile asubuhi na sasa ni kitu kimoja. Alisimama barabarani kulisahihisha hilo hata mvua ikinyesha.

Watu walichoka naye, na waliochoka zaidi walimchezea. Nyasani, mwenye bucha sokoni, alikuwa ameandika ukutani kwa rangi ya bluu kwamba nyama zipo, na kwa Kiingereza chake nyama zilikuwa nyingi lakini kitenzi kilikuwa cha kitu kimoja.

"Nyasani," Persis alimwambia, "ukuta wako unanitia aibu nikipita."

"Pole, Mwalimu. Pita upande ule mwingine."

"Nitakuandikia vizuri. Niletee rangi."

"Ukiandika vizuri, nyama italainika?"

Watu kwenye benchi la bucha walicheka. Nyasani akaona ameshinda, akaongeza: "Juzi umemsahihisha karani wa chai. Jana chifu. Kesho utamsahihisha ng'ombe alivyolia."

"Ng'ombe husema lake akalimaliza," Persis alijibu. "Ndiyo maana simsahihishi."

Wiki iliyofuata Nyasani aliongeza mstari wa pili ukutani, wenye makosa matatu, na kila siku ya soko watu walikaa kumtazama Mwalimu akipita. Alipita ameinamisha kichwa, mkoba kifuani. Wengi wanakumbuka kicheko. Wachache walioketi karibu wanakumbuka kwamba midomo yake ilikuwa ikienda, ikiyapanga yale maneno ya ukutani upya, kimyakimya, kama mtu anayeomba.

Darasani alikuwa na sheria moja. Zilikuwa siku zile serikali ilipotaka Kiingereza kiwe lugha ya masomo tangu darasa la kwanza, na walimu wengi wa vijijini, wenyewe wakiwa hawakijui vizuri, walifunga mlango wakafundisha kwa Ekegusii. Persis hakufunga mlango. Kwake, mtoto aliyetaka kitu, maji, chaki, ruhusa ya kwenda chooni, alikiomba kwa sentensi nzima isiyo na kosa. Aliyekosea hakuchapwa. Aliambiwa aende akasimame mlangoni, aitengeneze sentensi yake hapo, na ikishakamilika arudi aombe tena. Watoto waliita kusimama huko "kwenda kwa fundi". Wapo waliojikojolea kwa fundi. Lakini mtihani wa darasa la saba ulipofika, watoto waliopitia kwake walifaulu, na wazazi waliomwita mwendawazimu mwezi wa Juni walimpelekea ndizi mwezi wa Desemba.

Mwaka 1968 aliomba kupandishwa daraja kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza hakujibiwa. Safari hii mwalimu mkuu, Abner Onchiri, mtu mwoga lakini mwenye nia njema, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Inspekta anakuja Jumatano. Bwana Obwocha. Atakaa nyuma ya darasa lako kipindi cha kwanza chote."

"Aje."

"Mwalimu, sikiliza. Ile nyumba ya mabati pale nyuma ya shule haina mtu tangu Mwalimu Josiah ahamishwe. Imeandikwa ni ya mwalimu wa P2. Ukipita Jumatano, ufunguo ni wako Januari."

Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili, sakafu ya saruji na kitasa. Alikuwa na miaka thelathini na saba na hakuwahi kulala mahali ambapo mtu mwingine hakuwa na haki ya kumwambia aondoke. Kule kwa kaka yake, kila mtoto alipozaliwa kibanda cha Persis kilitajwa: kijana akikua atahitaji pa kulala, na pale kando ya migomba ndipo pazuri. Bitutu hakuwahi kumfukuza. Alimtajia tu.

"Nifundishe nini?" aliuliza.

"Unachokijua kuliko wote. Inspekta mwenyewe amesema anataka kusikia watoto wakizungumza, si kuimba majibu. Anasema shule zote alizopita watoto ni kasuku."

Akachagua somo la "tangu", lile kosa lake kuu. Na katika watoto arobaini na mmoja wa darasa la tano alimtegemea mmoja: Gesare, binti wa kwanza wa Momanyi na Bitutu, mwenye miaka kumi na moja. Gesare alikuwa na sikio kama la shangazi yake. Nyumbani alimwita Shangazi na kumchotea maji. Akivuka ua wa shule alimwita Mwalimu, na hakuwahi kuchanganya. Persis hakusema kwa mdomo kwamba mtoto yule alikuwa kama wake. Alimpa kalamu zake za zamani.

Mvua za masika mwaka ule zilikuwa zimechelewa kwisha, na malaria ilikuwa imepanda milimani, kama inavyofanya miaka mingine. Jumanne jioni Gesare hakumaliza chakula. Jumatano asubuhi Bitutu alikuwa mbele ya jiko na mtoto amejifunika gunia.

"Huyu leo abaki," Bitutu alisema. "Hajaamka vizuri."

Persis alikuwa amevaa gauni lake la Sabato, ingawa haikuwa Sabato. Aliinama akaweka mkono kwenye paji la uso la mtoto. Halikuwa na joto. Homa ile huja na kwenda. Saa ile ilikuwa imekwenda.

"Hana joto, mama Gesare. Leo tu. Kesho atalala siku nzima, na maji nitachota mimi."

"Una watoto arobaini huko."

"Ninao. Lakini anayejua ni mmoja tu."

Bitutu alimtazama binti yake. "Unaweza?"

"Naweza," Gesare alisema, akaondoa gunia. Walipanda mlima pamoja, mtoto nyuma, Persis akimwuliza maswali ya somo njiani bila kugeuka.

Bwana Obwocha alikuwa mtu mnene wa Nyamira, mwenye suti ya kijivu na daftari kubwa. Aliketi nyuma, magoti yake hayakuenea chini ya dawati, akaketi ubavu. Persis alianza. Aliuliza nani amekuwa hapa tangu saa mbili. Aliuliza mvua imekuwa ikinyesha tangu lini. Watoto waliogopa suti ile, wakajibu kwa neno moja moja, na wawili waliosimama walisema lile lile kosa la kila siku, wazi, mbele ya inspekta. Kalamu ya Obwocha iliandika kitu. Persis alihisi jasho likimtoka chini ya kitambaa cha kichwani. Alimtazama Gesare. Gesare alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati.

Kisha mtoto akanyoosha mkono. Alisimama, akashika ukingo wa dawati, akasema kwa Kiingereza kilichovunjika kwamba kichwa kinamuuma tangu jana. Lilikuwa kosa lile lile, kutoka kinywa ambacho hakikuwahi kulisema.

Persis alisikia kosa. Alisikia pia kalamu kule nyuma.

"Mlangoni," alisema. "Itengeneze."

Gesare alikwenda akasimama mlangoni, bega limeegemea mwimo, mgongo kwa darasa. Somo liliendelea. Bwana Obwocha aliinua kichwa akamtazama mtoto yule mara moja, mara mbili. Zilipita kama dakika kumi. Halafu Gesare akarudi, akatembea taratibu mpaka mbele, akasimama mikono ubavuni kama walivyofundishwa, akasema:

"Please, Teacher, my head has been aching since yesterday. May I go home?"

Haikukosewa hata herufi. Wakati ulikuwa mahali pake, adabu mahali pake, sauti ikapanda mwishoni mahali inapopaswa kupanda. Nyuma ya darasa Bwana Obwocha alisema "Ah!" kwa sauti, kama mtu aliyepewa maji.

Waliokuwa darasani wanasema hawakuwahi kumwona Mwalimu Persis vile. Uso wake ulifunguka. Alimshika Gesare mabega akamgeuza aelekee wenzake, akachukua chaki, akaandika sentensi ile ubaoni kwa mwandiko wake mzuri. Aliandika ile ya kwanza. Ile ya pili, ya kuomba kwenda nyumbani, hakuiandika, kwa sababu haikuhusu somo. Akapiga mstari chini ya kitenzi.

"Darasa. Pamoja."

Watoto arobaini wakaisema: kichwa changu kimekuwa kikiuma tangu jana. Mara ya pili. Mara ya tatu wakaisema vizuri sana hivi kwamba darasa la nne, nyuma ya ukuta wa mbao, lilinyamaza kusikiliza. Gesare alikuwa amesimama katikati, macho nusu, akayumba kidogo.

"Vizuri sana," Persis alimwambia. "Keti."

Gesare akaketi.

Kipindi kilikuwa na dakika ishirini zilizobaki, na zilikwenda vizuri. Watoto walikuwa wamepata ujasiri. Bwana Obwocha aliaga kwa kumpa Persis mkono, kitu ambacho mainspekta hawakuwa wakifanya, na walipotoka kwenda ofisini kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakakimbia nje, na mmoja akabaki amelala juu ya dawati. Wenzake walidhani amesinzia. Walipomvuta mkono alianguka upande mmoja, akaanza kutetemeka mwili mzima, na povu likamtoka.

Momanyi na majirani walimbeba kwa machela ya miti mpaka zahanati, mwendo wa saa tatu. Dresa, mhudumu wa zahanati, alimchoma sindano, akasema malaria imepanda kichwani. Persis alimwuliza, mbele ya watu wote, kama kuletwa mapema asubuhi kungeleta tofauti. Dresa alikuwa kijana. Alisema, "Huenda," kisha akaona nyuso zao, akasema, "Huenda pia hapana." Gesare alikufa Alhamisi kabla ya adhuhuri. Alizikwa Ijumaa, haraka, ili Sabato isiingie kaburi likiwa wazi.

Hakuna aliyemlaumu. Watoto walikuwa wakifa mwaka ule katika kila boma. Wiki ile ile yalichimbwa makaburi mengine mawili madogo ng'ambo ya mto. Momanyi, mtu wa maneno machache, alisema ni Mungu, akarudi kwenye chai yake. Bitutu alilia kama mama anavyolia, akanyamaza. Kwa siku tatu yeye na Persis waliishi ua mmoja, wakapishana, wakapeana makaa ya moto na chumvi, na jambo lile lilikuwa halijasemwa kwa sababu Bitutu hakulijua.

Alijulishwa na watoto. Jumatatu walipita njiani wakitoka shule, wale wa darasa la tano, na walipolifikia lango la Momanyi walisimama wakasema sentensi ile kwa pamoja, kama walivyoisema siku ile, kwa heshima, vichwa wazi. Walikuwa wamekubaliana wenyewe. Bitutu alitoka akawauliza ni wimbo gani. Wakamwambia si wimbo. Ni maneno ya Gesare, ya mwisho aliyosema shuleni, na inspekta aliyapenda.

Bitutu aliwaomba wayarudie. Waliyarudia mpaka akayashika.

Persis aliporudi, Bitutu alikuwa ameketi nje akimenya ndizi mbichi, mikono imepakwa utomvu.

"Mwalimu, keti."

Persis akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Watoto wamenifundisha maneno ya Gesare. Nimekuwa nikiyasema tangu mchana yasinipotee. Wewe utaniambia maana yake." Akafuta mikono kwenye leso, akanyoosha mgongo kama mtoto wa shule, akaanza kuyasema. Yalikuwa yamevunjika kinywani mwake. Neno la kichwa lilikuwa limegeuka kitu kingine, la jana halikutambulika.

"Siyo hivyo," Persis alisema. "Aching. Sema aching."

Lilimtoka kabla hajajua. Akaziba mdomo kwa mkono. Lakini Bitutu hakuona ubaya, alidhani anasaidiwa. Alilirudia neno lile taratibu, mara mbili, mpaka likakaa, akamtazama wifi yake kuona kama limefaa.

"Sasa niambie."

Persis Nyanchera alikuwa amefasiri mamia ya mahubiri. Hakuwahi kukwama. Sasa alitazama ndizi zilizomenywa ndani ya karai.

"Inasema: kichwa kimekuwa kikiniuma tangu jana."

Kisu kilisimama.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Kulikuwa na nyingine. Watoto hawakuishika. Alisema: naomba niende nyumbani."

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo alikuambia."

"Aliniambia."

"Na ulisikia?"

Persis alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alitaka kusema kweli. "Nilisikia Kiingereza," alisema.

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia vizuri sana. Nikamwambia keti."

Kuku walikuja wakadonoa maganda miguuni pa Bitutu. Halafu akachukua ndizi nyingine, akaimenya, akaitia kwenye karai, akachukua nyingine. Jioni ile alimpakulia Persis chakula kama kawaida, bakuli lile lile, kiasi kile kile. Aliendelea kumpakulia kila siku. Hakumwita tena Mwalimu, wala wifi, wala jina lolote. Alipotaka kumwita alimtuma mtoto.

Barua ya kupandishwa daraja ilifika Septemba. Bwana Obwocha alikuwa ameandika kwamba katika ukaguzi wake wa mwaka mzima hakuona somo lililo hai kama lile, ambapo mtoto alitoa mfano wake mwenyewe kutoka maishani. Mwalimu mkuu Abner aliisoma akashindwa kumpa mkononi. Aliiweka mezani kwake akatoka. Januari Persis alihamia nyumba ya mabati. Momanyi alimbebea kitanda. Kibanda kando ya migomba alipewa kijana wa pili kabla ya mwezi kwisha.

Nyumba ile alikuwa ameitamani kwa mwaka mzima, na wanaoishi karibu na shule wanasema hakuwahi kufungua chumba cha pili. Alifagia uga. Alikwenda darasani kwa wakati. Lakini darasani kitu kilikuwa kimekatika. Hakusahihisha tena. Mtoto akisema vibaya, alisubiri amalize, akaitikia kwa Ekegusii. Mtoto akinyoosha mkono kuomba kutoka, alimwambia nenda kabla mdomo haujafunguka. Watoto ni watoto. Hawakuchukua wiki mbili kulitambua hilo.

Siku moja Abner alikuja akasimama mlangoni akatazama madawati.

"Mwalimu, watoto thelathini wako nje."

"Ndiyo."

"Wote wanaumwa?"

"Wamesema wanaumwa."

"Walisema kwa lugha gani?"

"Sikuuliza."

"Mwalimu Persis." Aliteremsha sauti, kwa sababu wale kumi na wawili waliobaki walikuwa wakisikiliza. "Wanacheza mpira."

"Naona."

"Sasa unajua hawaumwi."

"Mmoja anaweza kuwa anaumwa," Persis alisema, "na mimi sitajua ni yupi."

Abner alimvumilia mwaka mmoja, halafu wa pili. Matokeo ya darasa la saba yalipoporomoka wazazi walikuja ofisini, wale wale waliokuwa wakimwita mwendawazimu kwa ukali wake, na sasa walimwita mwendawazimu kwa ulegevu. Ofisi ya elimu ilimwandikia ajieleze kwa maandishi. Aliiweka karatasi ile mbele yake asubuhi moja nzima. Karani wa shule anasema alianza kuandika mara nyingi, akakata, akaanza tena, na kilichokuwa kikimzuia si huzuni bali mkono wake mwenyewe: kila sentensi aliyoianza iliandikwa sawasawa, bila kosa, na kila alipoisoma aliisukuma mbali kama kitu kilichooza. Adhuhuri alisimama akaacha ufunguo wa nyumba juu ya karatasi iliyojaa sentensi zilizokatwa. Hiyo ilikuwa Machi 1971. Hakurudi kwa Momanyi, na Momanyi hakumfuata.

Mwaka huu wa 1978 yuko Nyamarambe, mbali na kwao. Amepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, na siku za soko huuza mboga za managu na viazi vitamu kwenye mstari wa wanawake walio karibu na barabara. Mnunuzi akiomba kwa maneno yaliyovunjika, humpimia kabla hajamaliza.